Fremu za Nyuma

Kerege,
14 Machi 2017

Baba yangu Mzee Salumu,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Mimi na shangazi hatujambo, isipokuwa lile goti lake la kushoto, ambalo masika yakikaribia lazima lilalamike. Wewe je? Masikio yanaendeleaje? Juzi nilipokupigia simu ulinijibu "ndiyo, ndiyo" mpaka mwisho, na nilipokuuliza umekula nini ukaniambia mvua bado. Nikaona simu tuiache. Nitakuandikia, na barua nitampa kondakta wa basi la Mkange amwachie Muhammad dukani kwake.

Nina habari njema. Nimepata kazi. Pale kituoni, kwenye vibanda, panajengwa jumba la maduka la ghorofa tatu, litaitwa Nyota ya Kerege. Mwenye nalo ni Bwana Abdulazizi, mtu wa Dar, mpole wa kusema. Kiwanja amekinunua kihalali, na wenye vibanda hawana karatasi yoyote. Kazi yangu itakuwa kusimamia wapangaji, lakini kwa sasa nimepewa kuzungumza na watu wa vibanda wahame ili msingi uchimbwe. Wako ishirini na watatu, pamoja na shangazi. Kila mmoja ameahidiwa fremu yake ya duka chini, upande wa nyuma, jumba likiisha.

Jana niliwakusanya. Kwanza walikataa. Kisha Mwajabu, yule anayekaanga samaki jirani na shangazi, akasimama akasema, "Huyo bwana hatumjui. Wewe tunakujua, umekulia chini ya meza ya shangazi yako Tabia. Wewe mwenyewe unasemaje?"

Nikasema fremu zipo.

"Basi," akasema, "tumehama."

Baba, sijawahi kuaminiwa hivyo na watu wazima. Niombee dua.

Mwanao,
Najma


Mkange,
2 Aprili 2017

Mwanangu Najma,

Wa alaykumu salaam, na marahaba. Barua imefika na nimeisoma mara mbili. Huku tu wazima, ila ngiri wameingia shambani wakachimba mihogo kama walioajiriwa. Ufuta haujaguswa. Msalimie dada yangu, mwambie goti alikande kwa mafuta ya ufuta ya moto, nitamtumia chupa.

Nimefurahi kwa kazi yako. Tangu uachike ulikuwa unaandika kama mtu anayeomba radhi kwa kuwapo, na safari hii hukuandika hivyo.

Neno moja tu. Hizo fremu za nyuma, umeziona kwenye karatasi au umeambiwa? Mimi nimekuwa fundi mwashi miaka thelathini. Nimewajengea wengi, na sijakutana na mwenye nyumba ambaye hakuwa na la kuahidi wakati ukuta uko chini ya goti. Mwambie huyo bwana aandike, na watu wapewe nakala.

Tabia hakujaliwa kuzaa. Mama yako alipofariki ulikuwa na miaka sita. Dada yangu alikuja hapa na kanga moja begani, akasema, "Kaka, wewe lima, huyu niachie mimi." Kibanda kile ndicho kilichokusomesha. Sikukumbushi ili nikusimange. Nakukumbusha kwa sababu mtu akipata kazi nzuri husahau vitu vidogo.

Nijibu kuhusu karatasi.

Baba yako,
Salumu


Kerege,
22 Disemba 2018

Baba mpendwa,

Shikamoo. Samahani kwa ukimya, mwaka huu wote nimeishi kwenye vumbi la saruji. Natumaini joto la msimu huu halikusumbui kifua.

Baba, jumba limefunguliwa. Laiti ungeona. Watu wametoka Bagamoyo mjini, Zinga, Mapinga, wengine wamekuja na magodoro ya watoto kana kwamba wanalala. Kuna supamaketi upande mzima wa chini, kuna duka la viatu, la simu, la miwani, kuna mahali pa aiskrimu. Ndani pana ubaridi mpaka wazee wanajifunga vitambaa. Lakini kilichowaua watu ni ngazi za umeme, zile zinazopanda zenyewe wewe umesimama tu. Bibi mmoja wa Zinga alivua ndara zake akazishika mkononi kabla hajakanyaga, nami nikamshika kiwiko mpaka juu. Tulipofika akasema, "Mwanangu, nirudishe, moyo wangu umebaki chini." Maarusi watatu wamekuja kupiga picha wiki hii moja. Ukiwa barabarani jioni, taa zake unaziona kabla hujaiona Kerege yenyewe.

Mimi nina ofisi ghorofa ya kwanza, yenye dirisha la kioo linalotazama barabara. Mlangoni wameandika jina langu. Wapangaji wananiita Madamu, nami sasa nageuka nikiitwa hivyo.

Shangazi hajambo. Fremu za nyuma bado zina mambo ya kumalizia. Kwa sasa anauzia ng'ambo ya barabara.

Nimekutumia kofia na kikoi. Vitakuenea.

Mwanao,
Najma


Mkange,
9 Januari 2019

Najma,

Wa alaykumu salaam. Kofia imenienea.

Umeniandikia ukurasa mzima wa ngazi, na mistari mitatu ya dada yangu. Nilikuuliza kuhusu karatasi, mwaka wa pili sasa unakwenda.

Ufuta nikishaupanda nitakuja kuona mwenyewe.

Baba yako


Kerege,
3 Machi 2019

Baba,

Shikamoo. Sijui kama utaitika.

Nakuandikia uliyoyaona kwa macho yako, kwa sababu ulipokuwa mbele yangu sikuweza kuyasema. Ulishuka Alhamisi ukamkuta shangazi getini kwetu. Alikuwa amevuka barabara na sinia la chapati na jiko lake dogo ili awauzie wafanyakazi wetu wa usafi chai. Mlinzi alikuwa amelimwagia jiko maji na kulibeba. Uliona mkaa ulivyotawanyika. Mtu mzima wa umri wako, na kijana yule anamwambia, "Mama, hii ni amri ya ofisi." Ukamuuliza ofisi ya nani, naye akanyoosha kidole kwenye dirisha langu.

Ulipanda kwa ngazi za kawaida. Nilikusikia ukipumua kabla hujafika. Ulisimama mlangoni ukasoma yaliyoandikwa pale, Najma Salumu, ukasema, "Hilo la pili ni jina langu." Kisha ukaondoka. Nilikufuata mpaka getini na hukugeuka, na nilijua si kwa sababu ya masikio.

Amri ile niliitia saini mimi. Wenye maduka walilalamika kuwa moshi unafukuza wateja.

Na fremu. Nimejua tangu Oktoba, miezi miwili kabla ya kufungua. Bwana Abdulazizi aliniita akanionyesha ramani. Upande wote wa nyuma amewapa watu wa supamaketi wafanye stoo. Nikamwuliza, "Na watu wa vibanda?" Akasema, "Watazoea." Alisema kwa upole, kama anavyosema kila kitu. Baba, nilirudi ofisini kwangu, na alasiri ile nikachagua rangi ya mapazia.

Nilijiambia nitasema wiki ijayo. Wiki zikawa zinapita, na kila nikimpa shangazi shikamoo anauliza, "Bado?" namjibu, "Bado kidogo." Sasa haulizi tena. Ananipikia, tunakula, ananiuliza habari za kazi kama mgeni anavyoulizwa habari za safari.

Usininyamazie.

Najma


Kerege,
18 Oktoba 2019

Baba,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Idi zote mbili zimepita bila neno lako. Muhammad amenihakikishia kuwa barua zangu anakukabidhi mkononi.

Hii naomba uisome hata kama zile hukuzisoma. Wiki mbili zilizopita, Jumatatu asubuhi, shangazi alikuwa anavuka barabara na chupa ya chai. Tangu nilipomfukuza getini, ilibidi wateja awafuate mmoja mmoja, awape chai waifiche ndani ya nguo zao za kazi. Bodaboda ikamgonga. Nyonga imevunjika. Daktari anasema mfupa utaunga lakini hatatembea kama zamani.

Niliiona ajali ilipotokea. Nilikuwa dirishani.

Nilitaka atoke hospitali aje nyumbani kwangu, nimeshamwandalia chumba. Ameniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nipelekeni kwa Mwajabu." Nikasema, shangazi, mimi ni mwanao. Akasema, "Ndiyo. Nipelekeni kwa Mwajabu." Sasa yuko huko, kwenye chumba kimoja na wajukuu wanne, nami nakwenda kila siku kumwogesha. Anakubali nimwogeshe. Mwajabu hanisemeshi. Ananipisha mlangoni tu.

Baba, njoo.

Najma


Mkange,
11 Novemba 2019

Najma,

Nimefika na dada yangu salama. Tulimlaza kiti cha nyuma cha gari la Muhammad na tukasimama mara nyingi. Siku ile hukuwepo nilipomchukua. Niliichagua saa hiyo kwa makusudi.

Nimemwekea kitanda karibu na mlango ili aone wanaopita. Wanamsalimia na yeye anawauliza habari za watu asiowajua. Hajakutaja kwa ubaya.

Mimi kwa sasa sina la kukuambia.

Salumu


Kerege,
6 Juni 2021

Kwa baba na kwa shangazi,

Assalaam alaykum. Shikamooni nyote wawili. Naandika bila kutazamia jibu, lakini nisipoandika nitakuwa kama niliyefurahi.

Nawapa habari za huku. Jumba linakufa. Lilianza mwaka wa maradhi, watu walipoogopa kukusanyika, na tukadhani yakipita watarudi. Kumbe walishazoea kutokuja. Ngazi walishazipanda, picha walishapiga, na sabuni ya kufulia iko dukani kwa Mangi, kona ya mtaa. Januari supamaketi ikaondoka. Walikuja na malori, wakabeba mpaka rafu, zikabaki alama za mstatili sakafuni. Walipoondoka wao, duka la viatu likafuata, kisha la miwani. Mwenye aiskrimu alikaa mwezi mzima peke yake akitazama mlango, akifunga anaaga walinzi kwa mkono kama anasafiri. Ngazi za umeme zimezimwa. Hakuna wa kuzipanda, na umeme wa kuendesha jumba zima kwa ajili ya maduka manne hakuna. Ghorofa ya juu popo wameingia. Harufu yao imeshika mapazia yangu.

Bwana Abdulazizi haji tena. Anatuma ujumbe kwenye simu.

Na vibanda vimerudi. Vimejipanga nje ya uzio wetu, turubai kwa turubai. Mwajabu anakaanga samaki wake mahali palepale, na moshi unaingia kwa dirisha langu. Sijamtuma mlinzi. Asubuhi wanajaa wateja, nami nawatazama kutoka kwenye jumba ambalo ukikohoa ndani yake sauti inakurudia.

Shangazi, ile stoo ya supamaketi iko wazi sasa. Ni fremu ishirini na tatu, zote upande wa nyuma, na funguo ninazo mimi. Ukitaka hata kesho ya kwako ipo. Nimeifagia.

Wenu,
Najma


Mkange,
4 Julai 2021

Najma,

Wa alaykumu salaam, na marahaba. Shangazi yako amenitaka nijibu, naye ananitamkia, kwa hiyo nimeketi karibu na mdomo wake. Naandika kama anavyosema.

"Mwambie nimesikia. Mwambie fremu niliitaka ilipokuwa na watu. Sasa nikaifanyie nini, nikawapikie popo? Mwambie asiifagie tena, atajiumiza kifua kwa vumbi. Muulize Mwajabu jicho lake limepona? Mwambie natembea kwa mkongojo mpaka kwenye mlimau na kurudi. Mwambie aje ale. Kaka, umeandika hilo? Andika, aje ale."

Hayo ni yake. Amesamehe, au hakuhesabu kuwa ni kosa, mimi sijui. Tangu utotoni hakuwa mtu wa kuweka kitu moyoni. Mimi si yeye.

Mlango haujafungwa.

Salumu


Kerege,
19 Februari 2023

Baba, shikamoo. Shangazi, shikamoo.

Mtanisamehe kwa mwaka mmoja na nusu wa kimya. Mliniita nije kula, nami sikuja. Hamkunikosea chochote cha kunizuia. Mwaka jana baada ya Idi nilipanda basi na mfuko wa mchele na kanga mbili za shangazi, nikafika mpaka Miono. Pale nikashuka. Nilisimama kituoni nikifikiria nitaingiaje kwenye ule mlango ambao kitanda cha shangazi kiko karibu nao, ataniona kabla sijasema kitu, na nitaona anavyotembea. Nikavuka barabara nikapanda linalorudi. Kanga ninazo mpaka leo.

Sasa sikilizeni yaliyotokea.

Novemba jumba liliuzwa. Mmiliki mpya anataka kuligeuza ghala la vifaa vya ujenzi, na anataka uzio usogee mpaka barabarani, malori yapate kuingia. Maana yake vibanda vitoke. Alinikuta mimi peke yangu na walinzi wawili. Akanipa chai, akaniambia amesikia kuwa watu wa hapa wananisikiliza. Kazi yangu itaendelea, akasema, na nyumba ya kukaa atanipa. Nikiwaambia wahame kwa miezi sita, ghala likiisha watajengewa soko dogo ubavuni.

Nikamwambia aandike. Akacheka kidogo, akasema, "Dada, haya ni mambo ya kuelewana."

Wiki iliyopita, Jumapili asubuhi, nilitoka getini nikaenda vibandani. Mwajabu alikuwa na samaki kwenye mafuta, na aliponiona hakumgeuza. Nikasema nimetumwa. Nikawaambia niliyotumwa, neno kwa neno. Kisha nikasema, "Nilipowaambia mara ya kwanza kuwa fremu zipo, sikuwa nimeona karatasi. Baba yangu aliniuliza, nami sikumjibu. Nilipojua kuwa hazipo nilinyamaza ili nisiipoteze ofisi yangu. Na mlinzi aliyemwaga jiko la Tabia nilimtuma mimi. Msihame kwa neno langu. Msihame kwa neno la mtu yeyote, nendeni kwa mtendaji wa kata mkiwa wengi, mtake maandishi, na mimi nitakuja kusema niliyoyafanya."

Kilichofuata si kama nilivyokuwa nimejitayarishia. Sikutukanwa. Mwanamume mmoja nyuma akasema, "Tulijua," na mwingine akaomba chumvi. Mwajabu akamgeuza samaki wake, ambaye alishaungua, akasema, "Siku ile Tabia alipoanguka nilitaka uje useme hivi. Ningekupiga, halafu tungelia wote. Leo sina nguvu ya kimojawapo." Akanisogezea kigoda. Nikakaa. Hakuna aliyenisemesha tena, lakini hakuna aliyeniambia niondoke.

Alhamisi tulikwenda kwa mtendaji, watu kumi na tisa. Niliandika maelezo nikatia saini. Ijumaa mmiliki mpya alinitaka funguo. Simu ilikuwa ya kazi, naye akaichukua. Nimehamia chumba kimoja nyuma ya msikiti. Vibanda bado vipo, mpaka watakapoamua wakubwa, na sina hakika watawaamulia vizuri.

Shangazi, haya ningekuambia wewe kwanza, na nimekuambia wa mwisho. Nikipata nauli na uso, nakuja.

Mwanenu,
Najma


Mkange,
5 Machi 2023

Mwanangu Najma,

Assalaam alaykum. Inna lillahi wa inna ilayhi raajiuun.

Dada yangu Tabia amefariki Alhamisi alfajiri. Aliamka vizuri, akaomba maji ya kutia udhu, na Muhammad, aliyekuwa anapita kwenda msikitini, alipomletea alimkuta ameegemea ukuta, ameshakwenda. Tulimzika baada ya alasiri. Muhammad alikupigia kutwa nzima, simu ikaitikiwa na mwanamume asiyekujua. Barua yako nilikuwa nimeshaisoma, nilijua kwa nini. Nilimtuma mtu Kerege, basi likaharibika njiani, akafika Ijumaa, akazungukia nyuma ya msikiti ambao si wenyewe. Siku ya maziko tulikusubiri mpaka watu wakaanza kutazama jua.

Nataka ujue kuwa barua aliisikia. Ilifika Jumanne nikamsomea yote, na nilipofika kwenye vibanda akaniambia nirudie. Nikarudia. Halafu akasema, "Mwajabu na samaki wa kuungua. Lazima alimuuza hivyo hivyo." Akacheka mpaka nyonga ikamuuma. Baadaye, wakati wa kula, akasema, "Alikuwa anaogopa sana, yule mtoto. Tangu mdogo. Nilidhani ataacha." Hakusema zaidi ya hayo, nami siongezi.

Kuhusu Miono, hilo sikumsomea. Niliruka. Usiniulize kwa nini.

Sasa mimi na wewe. Nimejaribu kuandika hapa kwamba nimekusamehe, nikalikata, nikaandika tena, nikalikata. Si kwa hasira. Hasira imeisha, sijui lini. Ni kwamba bado si kweli, na wewe umeshachoka na maneno ya namna hiyo, na mimi pia. Ulilofanya Jumapili ile vibandani nimelipenda. Lingekuja miaka minne mapema angekuwa na mguu wake.

Arobaini itaangukia ndani ya Ramadhani. Usingoje mpaka hapo. Njoo kabla mwezi haujaandama, na nauli utamwambia kondakta kuwa analipa Muhammad. Hutanikuta nikiwa baba yule uliyemwacha, na sijui tutazungumza nini tukimaliza kusoma khitma. Huenda tukakaa tu.

Lakini tangu Alhamisi watu wanaingia hapa kutoa pole, na kila anayeingia ananishika mkono, anakaa, kisha anauliza mtoto wa marehemu yuko wapi. Nawajibu yuko njiani.

Baba yako,
Salumu